Robo saa ni pesa: kutoka sehemu hadi namba mchanganyiko, na kurudi

Mara hii tunashughulikia jambo ambalo watoto wa darasa la nne na la tano hapa Marekani huja nalo nyumbani kwenye daftari, na ambalo limo pia ndani ya hati ya mshahara ya mzazi anayelipwa kwa saa. Mtoto anaulizwa ageuze 11/4 kuwa namba mchanganyiko. Mama yake amefanya kazi robo saa 187 wiki hii na anataka kujua hizo ni saa ngapi. Hesabu ni ileile. Ukiielewa kwa ajili ya mshahara wako, hutashindwa kumsaidia mtoto.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana hatukusoma mahali pamoja. Waliosoma Kongo na Burundi walifundishwa mambo haya kwa Kifaransa, waliosoma shule za msingi Tanzania walifundishwa kwa Kiswahili, na wengine hawakupata nafasi ya kufika darasa hilo kwa sababu ya vita na kuhamahama. Sehemu ni namba kama 3/4. Namba ya chini inasema kizima kimoja kimekatwa vipande vingapi. Vitabu vya Tanzania huiita asili. Namba ya juu inasema tunavyo vipande vingapi; hiyo huitwa kiasi. Hapa tutasema tu "ya juu" na "ya chini".

Ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini, hujafikisha kizima. Zikilingana, kama 4/4, una kizima kimoja kamili. Ya juu ikizidi, kama 11/4, una zaidi ya kizima. Hiyo tutaiita sehemu iliyozidi. Namba mchanganyiko ni kiasi hichohicho kilichoandikwa kwa namba nzima na sehemu kando yake: 2¾. Watu husoma "mbili na robo tatu."

Sasa tuifanye. Umepika chapati na kila moja umeikata vipande vinne. Kwenye sinia kuna vipande 11. Hizo ni chapati ngapi? Unavipanga vinne vinne: vinne vya kwanza vinatoa chapati moja, vinne vya pili vinatoa ya pili, vinabaki vitatu. Kwa hiyo ni chapati 2 na vipande 3, na kila kipande ni robo. 11/4 = 2¾. Kwenye karatasi ni kugawanya tu: 11 gawanya kwa 4 ni 2, baki 3. Lile baki linakaa juu ya 4 ileile ya mwanzo.

Hapo kwenye baki ndipo watoto wengi hukwama, na watu wazima pia. Wengine huandika 2 na 3/11. Wengine huandika 2.3, kwa kuwa ni "mbili, baki tatu". Kumbuka kilichobaki ni nini. Ni vipande, na vipande havikubadilika jina kwa sababu umevipanga. Vilikuwa robo, vimebaki robo. Kwa hiyo ya chini haibadiliki kamwe katika kazi hii, uende mbele au urudi nyuma.

Kurudi ni rahisi zaidi. Una chapati 2¾ na unataka kujua ni vipande vingapi. Kila chapati nzima inatoa vipande 4, kwa hiyo mbili zinatoa 2 mara 4, yaani 8. Ongeza vile 3 vilivyokuwa kando: 11. Jibu ni 11/4. Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha 2 kwa 3 na kuandika 6/4. Lipime: 6/4 ni kizima kimoja na nusu tu. Umeanza na zaidi ya mbili, huwezi kumaliza na moja na nusu. Mzoeze mtoto kipimo hicho kabla hajafuta chochote kwa kifutio.

Wazee wa pwani hawana haja ya somo hili. Walipima nafaka kwa pishi na kibaba, na pishi moja ni vibaba vinne. Mwambie bibi una vibaba 11 vya mchele, atakujibu papo hapo: pishi mbili na vibaba vitatu. Amegeuza sehemu iliyozidi kuwa namba mchanganyiko bila kalamu.

Kwa nini basi tuwe na njia mbili za kuandika kitu kimoja? Kwa sababu kila moja ina kazi yake. Namba mchanganyiko ni ya kusoma na kumwambia mtu. Hakuna anayesema "nimefanya kazi saa thelathini na tatu juu ya nne". Tunasema saa nane na robo. Lakini ukitaka kujumlisha nyingi, kuzidisha au kugawanya, sehemu iliyozidi haina usumbufu, maana kila kitu kimeshakuwa vipande vya aina moja. Mara nyingi utageuza ili uhesabu, kisha utageuza tena ili usome jibu. Hati ya mshahara inaonyesha hilo vizuri.

Tuchukue mfanyakazi wa ghala anayelipwa dola 16 kwa saa. Jumatatu ameingia saa 6:45 asubuhi ya saa za hapa na kutoka 3:30 mchana. Sisi tungesema ameingia saa moja kasorobo na kutoka saa tisa na nusu. Kwa kupata muda wa kazi haidhuru unatumia ipi, mradi usichanganye, kuingia kwa saa za Kiswahili na kutoka kwa saa za Kimarekani. Kati ya hizo mbili kuna saa 8 na dakika 45. Toa nusu saa ya chakula isiyolipwa, zinabaki saa 8 na dakika 15, yaani 8¼. Andika hivyo kila siku katika daftari lako mwenyewe, usitegemee mashine ya kazini peke yake. Wiki yake imekuwa hivi:

Jumatatu 8¼
Jumanne 8½
Jumatano 8¾
Alhamisi 7¾
Ijumaa 9
Jumamosi 4½

Ukijaribu kujumlisha hivyo zilivyo, kichwa kitauma. Geuza zote ziwe robo saa. 8¼ ni 8 mara 4, ongeza 1, yaani robo 33. 8½ ni 8 na robo mbili, kwa hiyo robo 34. 8¾ ni robo 35. 7¾ ni robo 31. Saa 9 kamili ni robo 36. Na 4½ ni robo 18. Sasa ni kujumlisha namba za kawaida: 33, 34, 35, 31, 36 na 18 ni robo 187. Hiyo ni 187/4. Gawanya kwa 4: 46, baki 3. Amefanya kazi saa 46¾.

Hapa inafuata hatari ya kwanza. Kwenye hati ya mshahara hutaona 46¾. Utaona 46.75. Nukta hiyo haigawi saa na dakika. 46.75 si saa 46 na dakika 75, na hakuna saa yenye dakika 75. Ni saa 46 na sehemu 75 katika 100, ambazo ni robo tatu, yaani dakika 45. Kariri hizi tatu: robo ni .25, nusu ni .50, robo tatu ni .75. Ukiona kwenye hati 46.45 wakati daftari lako linasema saa 46 na dakika 45, kuna mtu aliyeandika dakika mahali pa sehemu ya mia. Tofauti yake ni 0.30 ya saa, na kwa mfanyakazi wetu wiki hiyo ni dola 7.20, kama utakavyoona. Wiki moja si nyingi. Kosa likijirudia mwaka mzima, ni kodi ya nyumba ya siku kadhaa.

Kuna na jambo la kukaribisha. Sheria inaruhusu mwajiri kusogeza muda kwenye robo saa iliyo karibu: dakika 1 hadi 7 zinaachwa, dakika 8 hadi 14 zinahesabiwa robo nzima. Hilo si wizi, mradi linakwenda pande zote mbili. Kama kila mara linashuka na halipandi hata siku moja, hapo una haki ya kuuliza.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1938 kuhusu mishahara na saa za kazi inasema kwamba mfanyakazi anayehusika nayo, akizidisha saa 40 kwa wiki, saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo yake ya kawaida. Hiyo ndiyo ovataimu. Na "moja na nusu" ni nini? Ni namba mchanganyiko, 1½. Kwa kuzidisha tunaigeuza: 1 mara 2, ongeza 1, tunapata 3/2.

Mfanyakazi wetu amezidisha saa 6¾. Tuigeuze: 6 mara 4 ni 24, ongeza 3, ni 27/4. Sasa zidisha 27/4 kwa 3/2. Juu kwa juu ni 81, chini kwa chini ni 8. Tumepata 81/8. Gawanya: 81 kwa 8 ni 10, baki 1. Saa zake 6¾ za ziada zinalipwa kama saa 10⅛ za kawaida. Kwa dola 16, hizo ni dola 162. Saa 40 za kwanza ni dola 640. Jumla ni dola 802 kabla ya makato ya kodi.

Njia nyingine ni kuanza na bei: 16 mara 3/2 ni dola 24 kwa kila saa ya ziada, na 6¾ mara 24 ni 162. Yapate majibu kwa njia zote mbili, yakilingana hukukosea. Na ndiyo maana ile 0.30 ya saa iliyopotea hapo juu ni dola 7.20: ni 0.30 mara 24.

Mwajiri angelipa saa zote 46¾ kwa dola 16 bila ovataimu, ingekuwa dola 748. Pungufu ni dola 54 kwa wiki moja. Mtu asiyejua kugeuza 6¾ anaweza kuiona 748 kuwa fedha nyingi akashukuru na kwenda zake.

Kanuni hii haimhusu kila mtu. Wafanyakazi wa mashambani, kwa mfano, hawamo katika ovataimu ya serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo yana sheria zake zinazowapa. Kuna majimbo yanayotoa zaidi pia. California huhesabu ovataimu hata kwa siku, mtu akipita saa 8. Uliza kuhusu jimbo lako. Ukiona pungufu, anza kwa msimamizi au ofisi ya mishahara ukiwa na daftari lako mkononi. Makosa mengi hurekebishwa hapo. Yasiporekebishwa, Wizara ya Kazi ya Marekani ina idara ya mishahara na saa, simu 1-866-487-9243, na unaweza kuomba mkalimani. Sheria inakataza mwajiri kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamika. Muda wa kudai kwa kawaida ni miaka 2, kwa hiyo usitupe hati za zamani.

Tutoke kazini tuingie jikoni. Vikombe vya kupimia vinavyouzwa hapa kwa kawaida ni vinne: kikombe kizima, nusu, theluthi na robo. Katika nyumba yenye watoto, kizima hupotea kwanza. Ukihitaji unga vikombe 2¾ na umebaki na cha robo, ni vipimo vingapi? Umeshajua: 11. Ukihitaji 3½ na una cha nusu, ni 7. Kwa 2⅔ na kikombe cha theluthi, ni 2 mara 3, ongeza 2, yaani vipimo 8. Mpe mtoto ahesabu wewe ukimimina. Ni zoezi zuri kuliko karatasi, na mandazi yanapatikana.

Dawa ni jambo la kuwa makini zaidi. Namba mchanganyiko ikiandikwa kwa mashine bila ile nusu ndogo nzuri, huonekana hivi: 1 1/2. Nafasi ile kati ya 1 na 1/2 ndiyo yote. Ikibanwa inakuwa 11/2, na 11/2 ni 5½. Kijiko kimoja na nusu kinageuka vijiko vitano na nusu. Ukisoma karatasi ya dawa ya mtoto na kipimo kikakushangaza kwa ukubwa, usimpe; piga simu duka la dawa kwanza. Afadhali umwombe mfamasia aandike kwa mililita na akupe bomba la plastiki la kupimia. Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, kwa hiyo kimoja na nusu, yaani 3/2 mara 5, ni mililita 7.5. Kijiko cha kukorogea chai nyumbani si kipimo.

Kwa wanaofanya kazi za ujenzi au useremala, futi ya kupimia ya hapa ina inchi zilizokatwa vipande 16. Ubao wanaouita mbili kwa nne, ukiupima, ni inchi 1½ kwa 3½. Jina lilibaki na ukubwa wa zamani. Fundi akitaka katikati ya upana wake anagawanya 3½ kwa mbili. Igeuze kwanza: 7/2. Nusu ya 7/2 ni 7/4, maana kila kipande kimekatwa mara mbili. Na 7/4 ni 1¾. Weka alama hapo.

Turudi kwa daftari la mtoto. Utakuta ameandika 18/4 = 4 2/4 na mwalimu ameweka alama kwamba haijakamilika. Hajakosea kugeuza. Mwalimu anataka sehemu ipunguzwe, kwa sababu robo mbili ni nusu: 4½. Utakuta pia mwalimu anamtaka achore miduara au mstari wa namba badala ya kugawanya moja kwa moja. Wazazi wengi huudhika, wakisema sisi tulifundishwa njia fupi na tukapita. Mimi naona michoro ile inasaidia, maana mtoto anaona kwa nini baki linakaa juu ya 4, badala ya kukariri. Mwache achore, kisha mwulize kwa Kiswahili: "Mwanangu, hivi vilivyobaki ni vipande vya namna gani?" Akijibu "robo", ameelewa, hata kama Kiingereza chake cha hesabu bado hakijakaa.

Haya ni ya kufanya nyumbani, mzazi na mtoto pamoja. Geuza 23/4 kuwa namba mchanganyiko. Geuza 3⅝ kuwa sehemu iliyozidi. Mapishi yanataka sukari vikombe 2⅓ na una kikombe cha theluthi peke yake. Ni vipimo vingapi? La mwisho: mfanyakazi wa hoteli anayelipwa dola 18 kwa saa amefanya saa 7½, 7¾, 8, 8¼ na 10 katika wiki moja, na sheria ya ovataimu ya saa 40 inamhusu. Anadai kiasi gani kabla ya makato?

Majibu: 23/4 ni 5¾. 3⅝ ni 29/8. Sukari ni vipimo 7. Mfanyakazi wa hoteli ana robo 166, yaani saa 41½. Saa 1½ za ziada mara 3/2 ni 9/4, sawa na saa 2¼ za kawaida. Kwa hiyo ni dola 720 na dola 40.50, jumla dola 760.50.